Juu ya Neno "Mbabe wa Vita" na Namna ya Kuandika Habari za Vita vya Mipakani

Yako maneno yaingiayo katika lugha kwa haja ya siku chache, na haja ile ikiisha yenyewe hubaki, yakitafuta kazi nyingine. Neno "mbabe wa vita" ni mojawapo. Lilienea katika magazeti na redio katika miaka ya 1990, vita vya Somalia vilipotaka jina la wale wakuu wenye silaha waliogawana nchi isiyokuwa na serikali. Kisha likatumika kwa habari za mashariki ya Kongo. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nalo. Mbabe ni mtu mwenye nguvu ashindaye wengine, na wakuu wale hawakuwa na haki nyingine ya kutawala ila nguvu.

Lakini neno hili halikutulia hapo. Limeanza kurudi nyuma katika wakati, na sasa twalikuta juu ya watu wa karne zilizopita ambao hawakufanana wao kwa wao: khani wa Watatari, mtemi Mirambo wa Unyamwezi, mangi Rindi wa Moshi, hata vijana wa rika moja waliotelemka kutoka Mlima Meru na mikuki yao. Wote wameitwa wababe wa vita, na kila walilolifanya limeitwa uvamizi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba desturi hii ni kosa la uhakiki kabla ya kuwa kosa la msamiati. Neno moja likifunika taratibu tatu au nne, msomaji hawezi tena kuuliza yale maswali matatu ambayo kila habari ya vita hupaswa kuyajibu: nani alitoa idhini, kilichotekwa kilikwenda kwa nani, na habari yenyewe imetoka katika kinywa cha nani.

Nitaanza mbali, katika nyika za Ulaya ya mashariki, kwa sababu huko jambo hili limeandikwa sana na kwa pande mbili. Kisha nitarejea katika nathari yetu ya Kiswahili. Na mwisho nitaupima mpaka wa Meru na Kilimanjaro, ambako neno lisilofaa lina madhara kwa watu walio hai.

Dola ya khani wa Krimea ilisimama tangu katikati ya karne ya 15 mpaka mwaka 1783, ilipotwaliwa na Urusi. Watawala wake walikuwa wa ukoo wa Giray, waliojinasibu na Chinggis Khan. Tangu mwaka 1475, Waturuki walipoutwaa mji wa Kefe ulioko pwani ya Bahari Nyeusi, khani akawa chini ya himaya ya Sultani wa Istanbul. Kaskazini ya nchi yake palikuwa na nyika pana isiyo na miji, na ng'ambo ya nyika hiyo palikuwa na mashamba na vijiji chini ya wafalme wa Poland na wa Moscow. Wapanda farasi wa Kitatari waliivuka nyika ile mara kwa mara kwenda kuteka watu na mifugo. Mateka wakapelekwa Kefe, wakauzwa, wakapakiwa majahazini. Mwaka 1571 khani Devlet Giray aliufikia mji wa Moscow wenyewe, na mji ukateketea kwa moto. Watu wa mashambani walikuwa na sababu ya kuogopa, na hofu yao si uzushi.

Waandishi wa Ulaya walilipokea jina la watu hawa kwa namna ambayo mwanalugha hataki kuipita bila kuitazama. Tangu karne ya 13, waandishi wa Kilatini waliongeza herufi r katika jina Tatar, likawa Tartar, ili lifanane na Tartarus, yaani jehanamu ya Wagiriki wa kale. Kwa herufi moja watu walioishi duniani, wenye ng'ombe na sheria na ndoa, waligeuzwa kuwa watu waliotoka chini ya ardhi. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini walikuja, kwani mtu wa jehanamu hahitaji sababu.

Ndani ya Krimea mambo yalikuwa na majina. Watatari hawakuwa na neno moja la vita vyao vya mpakani. Walikuwa nayo matatu, na kila neno lilikuwa na kanuni zake. La kwanza ni sefer: vita vikubwa, ambavyo khani mwenyewe au mtu wa nyumba yake huongoza, aghalabu kwa agizo la Sultani. La pili ni çapul: msafara wa kuteka, mdogo kuliko sefer, uongozwao na mwinyi wa kabila, ambaye wao humwita mirza. La tatu ni beş baş, maana yake "vichwa vitano": kikundi cha watu wachache waendao kwa tamaa na uhitaji wao, mara nyingi bila ya ruhusa ya khani. Tofauti hii haikuwa ya maneno tu. Mfalme wa jirani alipoleta mashtaka, khani aliweza kujitoa lawamani kwa kusema kwamba tendo lile lilikuwa la vichwa vitano, wala si lake. Mkataba uliomfunga khani haukuwafunga kwa urahisi wale waliokuwa wakimtoroka. Anayeziandika habari za Krimea kwa neno moja la uvamizi hufuta sheria yote ya mpaka ule, na kuwafanya watu wa kikundi kidogo chenye njaa kuwa sawa na dola yenye wajumbe na mihuri.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba sefer ni ndugu wa neno letu safari. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, safar. Kwa Waturuki na Watatari neno lilielekea upande wa vita, na kwetu likaelekea upande wa biashara na mwendo. Walakini umbali kati ya maana hizi mbili si mkubwa kama tudhanivyo, kama nitakavyoonyesha karibuni.

Mashahidi wa mpaka ule pia ni wa namna mbili. Guillaume Le Vasseur de Beauplan, mhandisi Mfaransa aliyeutumikia ufalme wa Poland, aliandika kitabu juu ya Ukraine kilichochapwa mwaka 1651. Aliueleza mwendo wa Watatari kwa jicho la askari: jinsi walivyopenda majira ya baridi, mito ilipoganda, jinsi kila mpanda farasi alivyokwenda na farasi zaidi ya mmoja ili abadilishe, jinsi walivyofuata migongo ya ardhi kati ya mabonde ya mito, kisha wakajigawa na kutawanyika vijijini. Ni maelezo mazuri, na historia ya vita haiwezi kuyaacha. Lakini ni maelezo ya mtu aliyesimama upande wa boma. Kwa upande wa pili yupo Remmal Khoja, mtu wa nyumbani mwa khani Sahib Giray aliyetawala tangu 1532 mpaka 1551, ambaye alitunga tarehe ya bwana wake. Humo twaona amri, mashauri, fitina za mamwinyi, na fahari ya mtawala. Tusioyaona vizuri humo ni machozi ya mateka. Kwa hiyo shahidi mmoja ajua mwendo wala hakukaa barazani, na wa pili ajua baraza bali aliyetekwa kwake ni hesabu tu. Mhakiki huwahitaji wote wawili, na kwa kila mmoja hana budi kusema amesimama wapi.

Wala tusisahau kwamba mpaka una pande mbili. Makozaki wa mto Dnieper, waliosifiwa kuwa walinzi wa Wakristo, walikuwa nao wakivuka kwenda kuteka na kuchoma. Mwaka 1616 waliushambulia mji wa Kefe wenyewe. Hata jina lao ni la Kituruki, lenye asili moja na jina la Wakazaki, na maana yake ya zamani ni mtu huru asiye na bwana, atafutaye riziki yake nyikani. Jina moja likashikwa na watu wa dini mbili na lugha mbili, kwa sababu maisha ya nyikani yalikuwa yamewafananisha.

Sasa nirejee kwetu. Nchi hizo za mbali si ngeni kabisa katika nathari ya Kiswahili. Katika mkusanyo wa Carl Velten uliochapwa mwaka 1901, Safari za Wasuaheli, imo safari ya Salim bin Abakari ya Urusi na Siberia, iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekwenda kwa miguu na macho yake. Mwaswahili huyu alikwisha kuwatazama watu wa nyika zile kabla wengi wetu hatujasoma neno moja juu yao. Jambo la kuangaliwa ni kwamba maandishi haya yamewekwa pamoja na safari za bara la Afrika katika jalada moja na chini ya jina moja. Kwa waandishi wale, dunia yote iliweza kuelezwa kwa kalamu ya msafiri, anayesema alichokiona na alikokiona.

Kitabu kitupacho nafasi bora ya kuhakiki jambo letu ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwenyewe aliyaandika kwa Kiswahili, Heinrich Brode akayachapa mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwaka 1958 na 1959. Hapa hatuna mhandisi wa ng'ambo ya mpaka wala karani wa khani. Tunaye mtekaji mwenyewe akisimulia. Na neno alitumialo kwa maisha yake ni safari. Anapoingia nchi ya Nsama wa Itabwa, karibu na mwaka 1867, huenda kwa biashara, vita huzuka, Nsama hushindwa, na pembe za ndovu hupatikana na kupimwa kwa frasila. Msomaji akitafuta mahali ambapo safari imekoma na vita vimeanza, hapaoni, kwa sababu kwa msimuliaji hapana mahali hapo. Safari ya Tippu Tip yasogea hatua kwa hatua mpaka yakutana na sefer ya Watatari, ndugu yake wa damu.

Kuna wasomaji wanaousifu utulivu wa nathari ile, nami ni mmoja wao; ni Kiswahili safi, hakina pambo, na mtu asemaye hana haja ya kujitetea. Lakini utulivu huo ndio unaopasa kuhojiwa. Mtu aliyekwisha kushinda huweza kusema polepole. Wale waliouawa na kutekwa wamo katika sentensi, bali hawana sentensi zao. Tukimwita Tippu Tip mbabe wa vita tutakuwa tumemlaani, na kulaani si kuhakiki. Tukifuata jinsi neno safari linavyofunika vita katika usimulizi wake, tutakuwa tumeonyesha nguvu yake ilivyofanya kazi, yaani kwa mkopo, bunduki, mizani na wapagazi, chini ya jina la mwendo wa kawaida.

Mfano wa pili ni Habari za Wakilindi, ya Abdallah bin Hemedi, ambayo ilichapwa sehemu kwa sehemu huko Magila tangu mwaka 1895, ikatolewa tena kwa Kiswahili mwaka 1962 kwa juhudi ya J. W. T. Allen. Kitabu hiki chaanza na Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu akapewa utawala wa Usambaa, na chafika mpaka kuvunjika kwa ufalme baada ya kufa Kimweri, mnamo mwaka 1862. Hapo atokea Semboja wa Mazinde, mwana wa mfalme, aliyekaa chini ya milima kando ya njia ya misafara, akapata bunduki na marafiki, akampiga mjukuu aliyerithi kiti cha Vugha. Ikiwa yuko mtu katika nathari yetu ya kale aliyestahili jina la mbabe wa vita, labda ni Semboja. Lakini angalia alivyofanya Abdallah bin Hemedi: hakutafuta jina la kumbandika. Ametaja nasaba yake, na mji wake, na ni nani alimwendea kwa shauri, na kwa nini Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi katika ile iitwayo Kiva. Msomaji afika mwisho akijua kwamba uharibifu ule haukutokana na tabia ya mtu mmoja tu. Njia mpya ya biashara ilipita bondeni, na aliyekaa bondeni akawa na nguvu kuliko aliyekaa kilele cha mlima kwenye kiti cha baba zake. Huo ndio uhakiki wa historia uliofanywa ndani ya hadithi, bila ya mwandishi kujisifu kwamba aufanya.

Njia ile iliyopita Mazinde iliendelea kufuata bonde la mto Pangani kuelekea kaskazini, na mwisho wake ni Kilimanjaro na Meru. Basi tuifuate.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru walikaa watu wa lugha mbili. Wameru, ambao lugha yao ya Kirwa ni jamaa ya Kichagga cha Machame, walikuwa huko kwanza. Waarusha, ambao husema Kimaa, walipanda mlimani kutoka Arusha Chini mnamo miaka ya 1830, wakalima migomba, mahindi na maharage, wakabadilishana vyakula na jamaa zao wachungaji wa nyikani. Leo Sekei ni kata ya Jiji la Arusha, na mtu akisimama hapo ana mlima nyuma yake na tambarare mbele yake. Aelewa bila ya kitabu kwa nini maisha ya hapa yalikuwa ya shamba na ya ng'ombe kwa pamoja.

Waarusha hawakuwa na khani wala mtemi. Mambo yao yaliendeshwa kwa marika. Vijana waliotahiriwa katika muda mmoja walikuwa rika moja lenye jina. Kwa muda wa miaka kadhaa walikuwa morani, kisha wakawa wazee na rika jingine likachukua mahali pao. Rika huwa na msemaji wake, laigwanani, ambaye huchaguliwa na wenzake, na kazi yake ni kuongoza kwa shauri. Kundi la vijana waendao vitani au kuteka ng'ombe huitwa kwa Kimaa enjore. Ng'ombe waliopatikana waligawanywa, wakawa mahari, vijana wakaoa, na baada ya kuoa na kuzeeka hawakuwa tena watu wa enjore. Utaratibu huu una ukali mwingi, lakini hauna mbabe. Laigwanani akizikusanya ng'ombe zote kwake, ndipo angekoma kuwa laigwanani.

Upande wa pili wa tambarare, huko Moshi, alikuwako mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliyefariki mwaka 1891. Huyu alikuwa mtawala kwa kuzaliwa, aliyepokea misafara ya pwani, akaandikiana na Zanzibar na na Wazungu, akauza mateka, na katika vita vyake dhidi ya wamangi wenzake aliwatumia mara nyingine morani wa Arusha. Hapa ndipo neno moja liharibupo kabisa. Katika vita vimoja walikuwamo watu wa namna mbili. Kwa Rindi vita ilikuwa shughuli ya dola: kupanua utawala, kupata watu wa kuuza, kupata bunduki. Kwa morani aliyekwenda naye vita ilikuwa shughuli ya rika: kupata ng'ombe na jina. Walitembea njia moja kwa sababu mbili. Mtatari angalikuwa na neno kwa kila mmoja wao. Sisi, tukisema "uvamizi wa wababe wa vita", hatuna hata moja.

Majina ya watu wa tambarare nayo yalipata kilichopatwa na jina la Watatari. Watu wa pwani walisema Wakwavi, na jina hilo likaingia katika vitabu vya wamisionari. Mwaka 1854 Ludwig Krapf alichapa msamiati wa lugha ya watu hao, ambao kwa maandishi yake ni Eloikob. Na jina hilo la pili, katika vinywa vya Wamaasai waliowapiga, likaunganishwa na hatia ya kumwaga damu. Wanahistoria wameshindana sana ni nani hasa walikuwa Wakwavi. Mimi nataka kutaja jambo moja tu. Aliyempa Krapf maneno yale alikuwa kijana Mkwavi aitwaye Lemasegnot, ambaye mwenyewe alikuwa ametekwa na kufanywa mtumwa. Kwa hiyo msamiati wa kwanza wa lugha ya wale walioitwa wavamizi wakali umetoka katika kinywa cha mateka, na mateka huyo alikuwa mtoto wao.

Nafika sasa katika mwaka 1896, ambao ndio kipimo cha maneno yetu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wamisionari wawili wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema Akeri katika nchi ya Wameru, wakitaka kufungua misheni. Usiku morani wa Arusha na Meru wakawashambulia na kuwaua. Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuwa karibu na askari wake. Baada ya muda mfupi aliuzunguka mlima pamoja na wasaidizi wengi wa Kichagga. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, na ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Baadaye ilijengwa boma ya Arusha, ambayo ingali imesimama, na waliobeba mawe ni Waarusha wenyewe waliolazimishwa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, mangi Meli mwana wa Rindi alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na wa Arusha.

Angalia jinsi tendo la kwanza na la pili yaitwavyo. La kwanza huitwa uvamizi, au mauaji ya kikatili. La pili, kwa kufuata neno la Wajerumani wenyewe, huitwa msafara wa adhabu. Na kwa Kiswahili husemwa kwamba Johannes alikwenda "kuwaadhibu" Waarusha na Wameru. Lakini kuadhibu ni tendo la mwenye haki juu ya mkosaji, kama baba kwa mtoto au kadhi kwa mwizi. Neno hilo limekwisha kutoa hukumu kabla ya msomaji kusikia shauri. Tukitumia yale maswali matatu, mambo hukaa mahali pake. Nani alitoa idhini? Katika tendo la kwanza, rika la Talala, lililokuwa na morani wa Waarusha na wa Wameru pamoja, na lililojua kwamba wageni hawa walikuja na jeshi nyuma yao. Katika la pili, serikali ya ugenini. Kilichotekwa kilikwenda kwa nani? Ng'ombe wa mlimani walikwenda kwa serikali na kwa wasaidizi wake, na haya yalitokea miaka michache tu baada ya sotoka ya 1890 na 1891 kumaliza mifugo ya nyikani, wakati ng'ombe mmoja alikuwa uhai wa nyumba nzima. Habari imetoka katika kinywa cha nani? Kwa muda mrefu, karibu yote, katika barua za misheni na taarifa za jeshi.

Sisemi kwamba kuwaua watu wawili waliolala hemani ni jambo jema likiitwa kwa Kimaa. Wala sisemi kwamba Wachagga waliokwenda na Johannes hawakuwa na sababu. Wengi wao walikuwa wamechomewa nyumba na kutekewa wake na watoto na morani hao hao, na kwao siku ile ilikuwa ya kulipa kisasi. Nasema kwamba kama kuchukua ng'ombe kwa nguvu ni kuteka, basi Johannes aliteka. Neno lisipotumika kwa wote wawili, lisitumike kwa mmoja.

Yamkini msomaji mmoja atapinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: kwa mwanamke aliyetekwa, ina faida gani kujua kwamba aliyemteka alikuwa wa sefer au wa vichwa vitano, wa mangi au wa rika? Kamba ni ile ile. Huenda kutofautisha ni njia ya kistaarabu ya kuwasamehe watekaji.

Nalijibu hivi. Kwanza, kamba haikuwa ile ile siku zote. Aliyetekwa na kupelekwa Kefe aliuzwa ng'ambo ya bahari. Aliyetekwa na Rindi huenda aliuzwa pwani. Mwanamke aliyetekwa na Waarusha mara nyingi aliozwa mlimani, watoto wake wakawa Waarusha, na wajukuu wao wako leo. Hatima ya mateka ilitegemea utaratibu wa mtekaji, na asiyeutofautisha utaratibu humpoteza mateka mara ya pili. La pili, Kiswahili chenyewe kina hazina ambayo hatuitumii. Tunalo neno teka, ambalo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 lina maana ya kuchukua kwa nguvu na pia ya kuchota maji. Na kutoka humo tunalo mateka, ambalo ni mtu, si tendo. "Uvamizi" humtazama mwenye silaha. "Mateka" humtazama aliyechukuliwa. Hivi karibuni tumelifunga neno hili katika habari za kuteka nyara ndege na magari, nasi tukaacha kulitumia kwa historia, ambako lilikuwa na kazi kubwa zaidi.

Basi shauri langu kwa waandishi na wafasiri ni hili. Neno "mbabe wa vita" libaki kwa wale lililowazaliwa, yaani wakuu wa silaha katika nchi ambayo dola imeanguka. Khani aitwe khani, mtemi aitwe mtemi, mangi aitwe mangi, laigwanani aitwe laigwanani, na maneno kama enjore na ruga-ruga yaachwe katika matini na kuelezwa mara moja, kama tulivyozoea kuyaacha liwali na akida. Pale ambapo tendo lahitaji jina, tutumie kitenzi chenye mtendaji na mtendwa: nani aliteka nani, alichukua nini, kwa ruhusa ya nani. Sentensi kama hiyo ni ndefu kidogo kuliko jina moja la laana, lakini haiwezi kudanganya kwa urahisi. Na ikiwa serikali ndiyo iliyoteka, kitenzi kisibadilike.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Wameru wa Engare Nanyuki walipoondolewa katika ardhi yao mwaka 1951 ili wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa, na tendo hilo likaitwa uhamisho. Kirilo Japhet alikwenda mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na sehemu kubwa ya kazi yake huko ilikuwa kulinyima tendo lile jina ambalo serikali imelipa. Hakushinda siku ile, lakini jina lile halikukaa tena salama. Wale waliomtuma walijua, bila ya kamusi, kwamba mtu akikubali neno la aliyemnyang'anya amekwisha kutoa nusu ya shauri lake.

Sekei na vitongoji vyake wamo leo wajukuu wa morani, wajukuu wa wamateka walioolewa mlimani, wajukuu wa Wachagga waliokuja na Johannes, na watu wengi waliotoka kwingineko, wote wakisema Kiswahili sokoni na shuleni. Wazee wanaoijua habari ya rika la Talala kwa Kimaa, na ya Akeri kwa Kirwa, waliisikia kwa baba na babu zao, na idadi yao yapungua. Mwenye nafasi ya kuzipokea habari hizo aziandike kwanza kwa lugha zilimosimuliwa, na maneno ya vita yaachwe kama yalivyosemwa. Kisha ndipo aanze kutafuta Kiswahili chake.